Kufuli Moja kwa Wawili

Fundi alirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye kigoda cha uani bila kuvua buti, na mkewe alipomwekea chai akaitazama mpaka ikapoa. Nyuma yake aliingia shemeji yake, kijana mrefu ambaye kazini na mtaani walimwita Twiga, akicheka peke yake na kuuliza kama kuna maji ya kuoga. Mke wa Fundi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa pale pale mlangoni. Aliwaangalia wote wawili. Mmoja kanyamaza kuliko kawaida yake, mwingine anacheka kuliko kawaida yake. Hapo mtu hahitaji mpiga ramli.

“Twiga, mkono wa ovaroli umechanikaje?”

“Ulinasa kwenye msumari, dada.”

“Mnarani kuna misumari?”

Twiga akaacha kucheka. Akamtazama shemeji yake, na Fundi akaendelea kuitazama chai.

“Leo nusura nimuue mdogo wako,” Fundi akasema.

Mkewe hakupiga kelele. Alimvuta mdogo wake kwa bega, akamkunjia mkono wa nguo, akaona mstari mwekundu uliovimba kutoka kifundoni mpaka kiwikoni. Alimchapa kofi la mgongo kama alivyokuwa akimchapa utotoni, kisha akaanza kulia, kisha akajifuta na kanga. “Niambieni,” akasema. “Na msinipunguzie.”

Juu ya kilima nje ya mji palikuwa na minara ishirini na minne, kila mmoja mita themanini, na kila mmoja na mapanga matatu ambayo watoto wa mtaani waliyaita mafeni. Upepo ukiyazungusha, umeme unapatikana. Yakiharibika, wanapanda watu kama Fundi. Sheria ya kupanda ilikuwa moja, nayo imebandikwa kwenye mlango wa kila mnara: kabla ya kupanda, zima swichi kuu iliyo chini, na kila anayepanda aitie kufuli lake mwenyewe, ufunguo akae nao mfukoni. Kufuli hata moja likibaki, mtambo hauwashwi, hata angekuja msimamizi na hasira zake zote. Ni sheria nzuri. Ila aliyeitunga bila shaka hakuwahi kupanda mita themanini mara ya pili kwa ajili ya ufunguo uliosahauliwa kwenye koti huko juu, huku redio ikimfokea kwamba upepo unapita bure.

Fundi aliwahi. Alipanda ngazi za mnara mara ya pili siku moja ya jua kali, miguu ikitetemeka, na aliposhuka akasema maneno ambayo wote waliyaona ya busara: “Tunapanda wawili, tunashuka wawili. Makufuli mawili ya nini?” Tangu hapo alitia moja, lake. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa bingwa wao, timu nyingine zikaiga. Wakauita mtindo wa Fundi. Naye, tuseme ukweli, aliupenda uitwe hivyo.

Ijumaa ile walikuwa kwenye mnara wa tatu wa siku. Chumba cha uendeshaji kilikuwa kinauliza kila dakika mbili wamemaliza au wamelala. Fundi akatangulia kushuka. Alipofika chini alisikia kishindo nyuma yake kwenye ngazi, du, du, du, akajua Twiga ndiye huyo anashuka. Akatoa kufuli, akawasha swichi. Alipogeuka aseme haya, twende zetu, aliona mfuko wa zana ukining’inia kwenye kamba na kugongagonga ngazi. Twiga alikuwa ameushusha nusu, akakumbuka spana, akaifunga kamba na kurudi kuichukua kando ya shafti inayozungushwa na mapanga, ambayo kifuniko chake alikuwa bado hajakirudishia.

“Ikaanza kuzunguka,” Twiga alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto. “Polepole kwanza, dada. Nikasema aa, macho yangu. Halafu ikanishika mkono.”

“Nilizima,” Fundi akasema. “Sijui sekunde ngapi. Nilizima.”

Kitambaa cha ovaroli kilikuwa kikuukuu, kikachanika kabla mkono haujafuata. Siku nyingine hata uchakavu ni rehema.

Mshonaji aliuliza swali ambalo baadaye lilimtia haya kila alipolikumbuka. “Msimamizi anajua?”

“Tunajua sisi wawili. Na wewe.”

Twiga alikuwa kwenye majaribio. Zilibaki siku kumi apewe mkataba au arudi kukaa kibarazani alikokaa miaka miwili akisubiri kazi, akila kwa dada yake na kuosha vyombo asionekane mzigo. Na msimamizi alikuwa amesema mbele ya wote: jina la mtu wa majaribio likiingia kwenye taarifa yoyote ya ajali, afungashe. Langoni mwa kampuni kulikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa SIKU 611 BILA AJALI, na msimamizi alikuwa akiubadilisha kwa mkono wake kila asubuhi.

“Vua hiyo ovaroli,” mshonaji akamwambia mdogo wake. Akaketi kwenye cherehani, akatafuta uzi wa rangi ile ile, akashona mshono ambao hata mtunza stoo, mwenye macho ya kunguru, asingeuona.

“Lazima niseme,” Fundi akasema, cherehani ikinguruma. “Kila timu pale inatia kufuli moja. Redio anatia moja.”

Redio alikuwa fundi wa timu ya pili na jirani yao wa mlango kwa mlango. Waliitana hivyo kwa sababu hakuweza kushika redio ya kazini bila kuimba kidogo kwanza. Mkewe waliyemwita Mama Pacha alikuwa na wasichana wawili wa miaka miwili ambao hata baba yao aliwachanganya.

“Basi mwambie Redio,” mshonaji alijibu bila kuinua uso. “Mwambie kimya kimya. Kwani lazima utangaze? Funika kombe mwanaharamu apite.”

“Na mficha maradhi?”

“Siku kumi, mume wangu. Nakuomba siku kumi tu.”

Twiga alikuwa amesimama na fulana yake, mkono umevimba, akimtazama shemeji yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Jumamosi asubuhi, ndani ya gari la kampuni, Fundi alimwinamia Redio sikioni. Gari lilikuwa na watu wanane na msimamizi mbele kando ya dereva.

“Ndugu yangu, kuanzia leo kila mtu atie kufuli lake.”

“Heh!” Redio hakujua kunong’ona. “Jamani, sheikh kaikana dini yake! Mtindo wa Fundi, na Fundi hautaki!”

Gari zima likacheka. Msimamizi akageuza shingo.

“Kuna nini huko? Kuna tatizo?”

“Hakuna, bosi,” Fundi akasema.

“Kimetokea kitu?” Redio aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini, kwani chini ya masihara yake hakuwa mjinga.

Fundi alitazama kisogo cha msimamizi. Akatazama mkono wa Twiga uliofunikwa na mshono safi. “Hakuna. Nasema tu tuwe waangalifu.”

“Aa, waangalifu tupo,” Redio akasema, akamgonga gotini. “Wewe unazeeka, bwana. Uzee unaanzia kwenye makufuli.”

Onyo lisilo na sababu halimzuii mtu. Fundi aliona tangu hapo hapo kwamba halikuingia, na siku nzima alitia kufuli lake, na Twiga akatia lake, kufuli dogo la kufungia sanduku la nguo ambalo Fundi alimnunulia dukani, akajiambia kwamba angalau nyumba yake imepona.

Jumatatu likaja tangazo: kesho anakuja mkufunzi wa usalama kutoka makao makuu, mwanamke, na ataleta sanduku. Kila aliyewahi kuponea chupuchupu aandike kilichotokea, asiandike jina, atumbukize. Mafundi wakaliita sanduku la chupuchupu kabla hata halijafika. Mwaka uliotangulia kulikuwa na sanduku kama hilo, na msimamizi alilifungua mwenyewe, akasoma karatasi kwa sauti mbele ya wote, akisema, “Huu mwandiko wa kukanyagana naujua.” Mwenye mwandiko alihamishiwa kufyeka nyasi chini ya minara.

Jioni ile Fundi alikaa mezani akaandika kwa herufi kubwa, kama mtoto anayejifunza, ili mwandiko wake usijulikane. Alieleza kila kitu: kufuli moja, kishindo cha mfuko, shafti bila kifuniko. Aliandika hata kwamba mtindo ule ameuanzisha aliyeandika. Ukurasa mmoja na nusu. Akaukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati la kesho lililotundikwa nyuma ya mlango, akalala usingizi mzito wa kwanza tangu Ijumaa.

Mkewe aliamka alfajiri kuwasha jiko. Alijua palipo na karatasi kwa sababu alimwona akiandika. Aliisoma yote, amesimama. Alipofika penye maneno “kijana niliyekuwa naye,” aliyasoma tena. Vijana wa majaribio walikuwa wangapi pale? Mmoja. Haikuhitaji jina wala mwandiko. Aliuona mkono wa mdogo wake uliovimba, akauona pia ule mgongo wake kwenye kibaraza, miaka miwili, akiondoka kila wageni walipokuja. Akaitia karatasi kwenye moto wa jiko. Iliungua upesi, na yeye akainjika birika juu yake.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenye kusema taratibu. Aliwakusanya kwenye banda la zana, akakaa juu ya kreti badala ya kiti alichoandaliwa.

“Mimi sikuja kutafuta mwenye kosa,” alisema. “Watu hawafanyi makosa kwa sababu ni wabaya. Wanafanya kwa sababu wamechoka, wanaharakishwa, au wamezoea. Mkinyamaza kosa dogo, linamtafuta mwingine. Sasa, kuna mtu yeyote ana la kunieleza?”

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, akiwatazama mmoja mmoja.

Fundi alisogea kwenye sanduku. Akatia mkono mfukoni mwa shati. Akatia kwenye mfuko wa pili. Akajipapasa suruali. Mafundi walianza kucheka chinichini.

“Unatafuta ufunguo, Fundi?” Redio akamtania.

“Sema tu kwa mdomo, mzee wangu,” mkufunzi akasema. “Nakusikiliza.”

Mdomo wake ulifunguka. Alimwona Twiga pale kwenye mstari wa nyuma, kamzidi kila mtu kichwa kizima, macho yamemtoka. Alimwona msimamizi.

“Nilitaka kusema,” Fundi alisema, “maji ya kunywa. Yanachelewa sana kuletwa minarani.”

Banda likapasuka kwa kicheko. Mkufunzi hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake, “maji,” akamtazama Fundi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili habari ya maji, kisha akauliza mwingine. Jioni aliondoka na sanduku lake. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, zote za matusi.

“Karatasi iko wapi?” Fundi alimuuliza mkewe aliporudi.

“Nimeichoma.”

Alitegemea amfokee. Alikuwa amejiandaa siku nzima na majibu yake, kwamba yule ni damu yake, kwamba mama yao alimwachia mikononi. Lakini Fundi alikaa tu kitandani.

“Unajua kilichoniuma?” akasema. “Niliposhika mfuko nikaukuta mtupu, nilifurahi.”

Mkewe akakaa kando yake. Kati yao pangeweza kukaa mtu wa tatu.

“Mkataba ukishasainiwa utasema,” akamwambia. “Jumatatu. Hata mimi nitakusindikiza.”

Jumatatu mkataba ulisainiwa. Twiga aliruka uani mpaka akagonga kamba ya nguo, na Mama Pacha akaja na watoto wake kumpongeza, akamwambia sasa atafute mchumba mwenye ngazi. Walicheka sana. Fundi naye alicheka. Mshonaji alimtazama mumewe kichinichini na kumsubiri aseme, “Haya, kesho naenda kwa msimamizi,” naye hakusema. Yeye hakumkumbusha. Jambo lisilosemwa kwa siku kumi linakuwa kama samani nzito ndani ya nyumba. Mnajua lilipo, mnalizunguka, hamligusi.

Jumatano saa sita mchana simu ya mshonaji ililia. Alikuwa na pini mdomoni.

“Dada, siyo shemeji,” Twiga alisema, akihema. “Siyo shemeji, sawa? Siyo yeye.”

“Nani?”

“Redio.”

Furaha ilimjia kwanza. Tusimfiche. Ilimjia nzima, furaha kwamba siyo mume wake wala mdogo wake, na haikudumu hata pumzi moja. Akazitema pini.

“Alikuwa juu,” Twiga akasema. “Mwenzake akashuka kuchukua grisi. Chumba cha uendeshaji wakaita, yule akadhani Redio naye kashuka, yuko garini. Akatoa kufuli, akawasha. Dada, ni vile vile. Ni vile vile kabisa.”

“Yu hai?”

“Shemeji ndiye aliyepanda kumshusha. Mkono…”

Hospitalini palikuwa na benchi refu la mbao na ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni. Mama Pacha alikuwa amekaa, mtoto mmoja mapajani, mwingine anakimbilia mlango wa chumba cha upasuaji kila unapofunguliwa. Mshonaji alimdaka yule wa pili, akamketisha mapajani mwake. Mtoto alikuwa na usingizi. Akajiegemeza kifuani pake kama alivyozoea, akaanza kunyonya kidole.

“Wameukata,” Mama Pacha alisema. “Wa kulia. Wanasema damu imepotea nyingi, tusubiri.” Alikuwa anaongea kwa adabu, kama mtu aliye ofisini. “Ataimba hata na mmoja, eti?”

“Ataimba.”

“Fundi yuko wapi nimshukuru? Wanasema ndiye aliyemfunga kamba akamshusha begani.”

“Wamemwita ofisini kuandika maelezo.”

Msimamizi aliingia na faili kwapani, na nyuma yake mkufunzi mwenye miwani, viatu vyake vikiwa na vumbi la safari. Msimamizi alitoa pole. Aliitoa vizuri, kwa kuinamisha kichwa. Kisha akasafisha koo.

“Mama, ni vizuri ulijue mapema lisije kukushtua baadaye. Sheria ni kila mtu na kufuli lake. Mumeo hakutia lake. Kampuni imekaa siku mia sita na zaidi bila jambo kama hili, hakuna timu iliyowahi kufanya hivi. Ni uzembe wa mtu mmoja, na bima huwa haimlipi mtu kwa uzembe wake.”

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa dirisha la dawa liko upande gani. Kisha akamgeukia jirani yake.

“Nyumbani hakuwa mzembe. Wewe unamjua. Hata jiko la gesi alilizima mara mbili mbili.” Akamshika mkono. “Wao wanasema haijawahi kutokea. Fundi hajawahi kukuambia kitu? Hata kidogo? Hawa wanaume hutuambia sisi wasiyoambiana.”

Mtoto alikuwa amelala. Mshonaji aliusikia uzito wake ukiongezeka, kama watoto wanavyokuwa wazito wanapolala. Alijua maneno mawili yatakayomtoa pale: hajawahi kuniambia. Mkataba wa Twiga ulikuwa na siku mbili. Msimamizi alikuwa anafungua faili atafute mahali pa kusaini. Mkufunzi alikuwa anamtazama.

“Aliniambia,” mshonaji alisema.

Msimamizi aliinua uso. “Alikuambia nini?”

“Siongei na wewe.” Alikuwa akimtazama jirani yake. “Mama Pacha, ilitokea kwetu. Kwa Twiga. Hivi hivi, kufuli moja, shafti ikamshika mkono, nguo ikachanika akapona. Timu zote zinatia moja. Fundi ndiye aliyeanzisha. Aliandika karatasi, ile siku ya sanduku. Alitaka kusema, mimi nikaichoma. Ovaroli niliishona mimi. Redio hakuwa mzembe. Hakuambiwa.”

“Mama, angalia unachosema,” msimamizi akasema. “Una ushahidi?”

“Mwache aseme,” mkufunzi akamkatiza, na akaanza kufungua daftari lake. “Ilikuwa tarehe ngapi, dada yangu?”

Lakini mshonaji hakumjibu, kwa kuwa Mama Pacha alikuwa ameuliza swali lile lile kwa namna yake, taratibu, na mkono wake umeshatoka mkononi mwa mwenzake.

“Siku ngapi zimepita?”

“Kumi na mbili.”

Mama Pacha alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Jumamosi waliyoanika nguo pamoja. Jumanne. Jumatatu, alipokuja na watoto kupongeza akachekeshwa na kuchekesha. Alipomaliza hesabu yake hakupiga ukunga, wala hakutukana, ingawa mshonaji aliomba moyoni amtukane. Alimhamishia mtoto wa kwanza kwenye paja moja, akalitengeneza la pili likawa tupu, akanyoosha mikono.

“Nipe mwanangu,” akasema.